Ankara ya Quasheba

Dada yangu Ianthe ameitandaza fomu ya mahakama
juu ya meza ya jikoni, kati ya shelisheli la kuchoma
na vidonge vyake vya presha.
Bridgetown kuna joto. Feni inageuza shingo
kama mzee anayekataa.

Tarehe ya tukio, inauliza fomu.
Nafasi yenyewe haizidi kidole.
Anaandika, anafuta, anaandika:
kila siku.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Wao daftari walikuwa nalo, ndiyo maana hatukupotea.
Tulilisoma kwenye jumba la nyaraka, tumevishwa glavu nyeupe
jasho letu lisije likachafua karatasi.
Jasho letu!
Quasheba, mwanamke, miaka thelathini na moja, kundi la kwanza, pauni hamsini na tano.
Mingo, mwanawe, miaka minne, mgonjwa wa kifua, pauni sita.
Mstari unaofuata: nyumbu, mzima, pauni ishirini.
Mwandiko mzuri mno. Herufi zimelala upande mmoja
kama miwa baada ya upepo.

Na minyororo ilipokatwa, fidia ilitoka kweli.
Ilivuka bahari, ikahesabiwa, ikatiwa sahihi.
Alilipwa mwenye shamba
kwa kupotewa na Quasheba.

Mimi sikutaka kesi, niseme wazi.
Mimi ni fundi wa friji; mahakama naijua kwa viyoyozi vyake,
nimevitengeneza mara tatu, na kulipa wanachelewa.
Nilimwambia: Ianthe, wakitupa hela
tutakuwa tumemuuza mara ya pili, tumeikubali ile bei.
Na binamu Orville kishapiga hesabu ya bati jipya,
na ukoo una watu mia mbili na kumi na wanne,
kila mmoja atapata nini? Nauli ya kwenda kuzipokea?

Hakuinua macho.
“Sidai bei yake,” alisema. “Nadai mshahara wake.”

Usiku nililikumbuka friji la mzee Gittens wa Speightstown:
kompresa mpya, kazi ya siku mbili, akafa kabla ya kulipa.
Nilikwenda baada ya mazishi, ankara mkononi, aibu mfukoni.
Mwanawe alilifungua friji, akanimiminia maji baridi,
akalipa hadi senti ya mwisho.
Hakuniuliza mbona nadai wafu.
Aliyerithi friji alirithi na deni.
Dawa ya deni ni kulipa, hata mtoto anajua;
ila likikua mno hubadilishwa jina,
likaitwa historia.

Nikaamka. Nikachukua kitabu changu cha ankara,
kile cha nakala tatu na karatasi ya kaboni.
Ufundi: miaka ishirini na minne shambani, toa Jumapili,
toa siku aliyojifungua Mingo.
Au nayo alikata miwa hadi adhuhuri?
Hatujui. Ihesabiwe nusu.
Vipuri:

Kalamu ikasimama.
Vipuri ni mgongo. Vipuri ni Mingo,
ambaye kwenye orodha ya mwaka uliofuata hayumo,
si kwa waliouzwa, si kwa waliokufa.

Karani wa masijala ni msichana mwenye kucha za rangi ya chungwa.
Alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena.
“Muda wa madai umepita,” alisema kwa upole. “Watalitupa.”
“Walitupe wao,” Ianthe akajibu. “Sisi tusiwasaidie.”

Ada, dola mia na hamsini; tulilipa noti za kumi kumi.
Dada akaomba risiti iandikwe: Quasheba, mdai.
Karani akasita. Akatazama mlangoni.
Akaandika.

Ninayo ndani ya sanduku la bisibisi.
Wino umeanza kufifia, risiti za siku hizi hazidumu.
Ule wa daftari la shamba, karne mbili sasa,
bado mweusi tii.